Cherehani Iliyonunuliwa Mara Mbili

Mtaani walimwita Mama Sponji. Kila jioni alipotoka karakana, nywele na mabega yake yalikuwa yamejaa chembe za njano za sponji, ile inayojazwa ndani ya makochi, na mabinti zake wawili walimkung'uta mlangoni kabla hajaingia ndani. Mume wake alikuwa fundi wa makochi. Mume aligonga, mke alishona. Ndivyo walivyogawana kazi tangu binti wa kwanza alipoanza kutembea. Mume alikuwa huku mbele, na nyundo yake, misumari yake na maneno matamu ya kuwalainisha wateja. Mke alikuwa kule nyuma, kwenye cherehani kubwa nyeusi ya kushonea vitambaa vizito na ngozi, ameipa barabara mgongo. Mteja akikalia kochi jipya na kusema, "Fundi, una mkono," mume alicheka na kujibu, "Tunajitahidi." Neno hilo moja lilimtosha Mama Sponji. Tunajitahidi, wala si ninajitahidi.

Mume akaugua kifua. Alilazwa, akarudi nyumbani, akalazwa tena, na safari hiyo hakurudi.

Wiki chache baada ya mazishi, mama mkwe na shemeji yake walifika karakana asubuhi. Mama mkwe alishikwa mkono kwa sababu macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akakalishwa kwenye kochi lililokuwa bado halijawekwa mgongo. Shemeji, mdogo wa marehemu, mpiga plasta mwenye saruji chini ya kucha siku zote, alikataa kukaa. Alianza mbali, kama wanavyoanza watu wenye jambo zito. Watoto hawajambo? Na karakana haivuji siku hizi? Kisha akakohoa.

"Shemeji, tumekaa kama familia."

"Mmekaa lini? Mbona sikuitwa?"

"Tulikaa kidogo tu." Alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyepoteza kitu humo. "Kuna fundi wa kule barabara kuu, yule wanayemwita Injinia. Anaitaka cherehani. Na bei yake si ya kudharau."

Mama Sponji aliweka mkasi chini taratibu. "Cherehani hii ndiyo inayowalisha watoto wa kaka yako."

"Najua, shemeji. Lakini..."

"Niache niseme mwenyewe," mama mkwe akamkatiza. Alikuwa akitazama kule ilikotoka sauti ya mkwe wake, si usoni kabisa, pembeni kidogo. "Nilikuwa na kiwanja, baba yangu aliniachia. Nilikiuza mwanangu anunue hiyo cherehani aanze kazi. Alisema atanirudishia. Sikumdai, mtu hamdai mwanawe kila siku. Sasa amekwenda. Kiwanja sina, mtoto aliyeniahidi sina, na macho yanafunga. Nimwendee nani?"

Mama Sponji aliijua habari ya kiwanja. Marehemu alikuwa akiitaja kila alipopata kazi kubwa, kwamba hii ikilipwa tutamkumbuka mama, halafu ada ya shule ilitangulia, au kodi ya chumba. Hapo ndipo palipomuuma. Laiti bibi huyu angekuja kwa tamaa, angepata pa kuitupia hasira yake. Lakini alikuwa amekuja na haki yake mkononi, na haki hiyo ilikuwa imekaa juu ya meza ileile ya cherehani ambayo Mama Sponji alikuwa akiitegemea kula.

"Injinia anatoa kiasi gani?" akauliza.

Shemeji akataja.

"Nitatoa hichohicho. Nipeni muda."

Shemeji alicheka, si kwa ubaya, ila kama mtu anavyocheka akiona mwenzake anataka kubeba gunia lisilo la kimo chake. "Utatoa wapi, shemeji?"

"Hilo niachie mimi."

Mama mkwe alisimama, akapapasa hewani akitafuta mkono wa mwanawe. "Mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Zaidi ya hapo siwezi."

Kulikuwa na kikundi cha wanawake waliokutana kila Jumatano kwenye ua nyuma ya duka la ndoo. Mwenyekiti wao alikuwa mwenye duka, mama mnene mwenye sauti ya kuita abiria, ambaye hapo zamani alitembeza ndoo kichwani mlango kwa mlango. Kikundi kilipata mikopo midogo kutoka shirika moja la mjini. Hapakutakiwa hati ya nyumba wala dhamana ya gari. Mwanachama alidhaminiwa na wenzake, akarejesha kidogokidogo kila Jumatano. Ukishindwa kulipa, wao wanalipa. Fedha zenyewe mwenye nazo angezimaliza kwenye sherehe moja, lakini msusi alikuwa ameongeza viti viwili kwazo, na mama mmoja wa magengeni alikuwa amehama kutoka kwenye mkeka chini kwenda kwenye kibanda chenye kufuli.

Afisa wa mikopo alikuwa kijana mpole mwenye begi la mgongoni. Alimsikiliza Mama Sponji mpaka mwisho, kisha akakunja uso.

"Samahani mama, nataka nikuelewe vizuri. Cherehani iko wapi sasa hivi?"

"Karakana kwangu."

"Anaitumia nani?"

"Mimi."

"Kwa hiyo unakopa ununue kitu ambacho kiko kwako, na unakitumia wewe mwenyewe."

"Ndiyo."

"Sasa biashara itakua vipi hapo?"

"Haitakua. Itakuwa haijafa."

Wanawake wakacheka, lakini afisa hakucheka. Alikuwa akifikiri kweli. Msusi, aliyekuwa mkali wa maneno, akanyanyuka. "Mimi niseme ukweli. Mambo ya wakwe sina ubavu nayo. Leo wanataka cherehani, kesho watataka meza. Nitakuja kulipia ugomvi wa ukoo wa watu."

"Kwa nini usiwakatalie tu?" akauliza mwingine. "Umeitumia miaka yote hiyo. Funga mlango, weka kufuli, tuone nani atavunja."

Mama Sponji aliwaza kidogo. Angeweza kusema mengi, kwamba kila kochi lililotoka pale lilikuwa na jasho lake, kwamba hakuna siku aliyolipwa mshahara. Yote yalikuwa kweli. "Kiwanja aliuza," akasema. "Aliuza kweli."

Mwenyekiti alijikuna shingo, akawatazama wenzake mmoja mmoja. "Angetaka kupigana asingekuja hapa," akasema. "Amekuja kukopa. Anayemdhamini anyooshe mkono." Mikono ikapanda, mmoja, mwingine, mwingine. Wa msusi ulikuwa wa mwisho, naye aliunyoosha akiwa ametazama pembeni, kama mkono ule haukuwa wake.

Fedha zilipotoka, Mama Sponji alizipeleka mwenyewe chumbani kwa mama mkwe. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi. Bibi alizipokea noti, akazipapasa kwa vidole, akazifunga kwenye ncha ya khanga. Yale maneno yote yakapotea.

"Mama, kuanzia leo cherehani ni yangu."

"Ni yako."

"Si ya marehemu, wala si ya ukoo."

"Nimesema ni yako. Unataka niimbe?"

Alirudi karakana akiwa hana furaha wala huzuni. Alikaa kwenye kiti chake, akaitazama mashine ileile aliyoijua kama anavyojua kiganja chake, na ndipo alipoona kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza angependa ikae wapi. Akamwita mchoma vyuma wa jirani wakasaidiana kuigeuza. Siku hiyo kwa mara ya kwanza alishona akiona barabara.

Lakini barabara nayo ilimwona yeye, na haikumwelewa. Watu walichungulia wakauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Aa. Basi nitapita baadaye."

Hawakupita. Mmoja tu, mwalimu mzee, alimwachia seti ya viti vya sebuleni kwa sababu alikuwa na haraka ya wageni. Mama Sponji alishona vitambaa vikakaa kama vimemwagwa juu ya kiti. Fremu aligonga mwenyewe. Ile mikanda ya mpira inayopita chini ya sponji na kubeba uzito wa mtu, aliivuta kwa kadiri alivyokuwa akimwona mume wake akivuta. Kumbe kuona si kushika. Hazikupita wiki tatu, mwalimu akarudi na viti juu ya mkokoteni, mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama.

"Mama, mshono sina neno nao," akasema kwa upole uliouma kuliko matusi. "Lakini nikikaa, magoti yananigusa kidevu. Wageni wangu ilibidi nisaidie kuwanyanyua."

Alimrudishia fedha zake. Jumatano ikafika na mkononi hana kitu.

Mtu akidaiwa na benki anadaiwa na jengo. Hapa Mama Sponji alidaiwa na nyuso. Alikuwa akimjua mtoto wa yule wa magengeni aliyehitaji viatu, alikuwa akijua msusi anaweka akiba ya nini. Walichanga rejesho lake mbele ya macho yake, kila mmoja akitoa kidogo, na hakuna aliyemgombeza. Msusi mwenyewe alinyamaza, na kunyamaza kwa msusi kulikuwa adhabu tosha.

"Wiki hii tumekubeba," mwenyekiti akasema. "Wiki ijayo je?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia. Na kwa sababu aliuliza hivyo, Mama Sponji alirudi nyumbani akiwa na swali badala ya aibu peke yake, na swali likamsumbua mpaka likampa jibu asilolipenda.

Kesho yake alikwenda barabara kuu kwa Injinia.

Alikuwa mtu mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio, na karakana yake ilikuwa kubwa, imejaa fremu mpaka nje. Alipomwona alitabasamu. "Umekuja kuniuzia."

"Nimekuja unifundishe kuvuta mkanda."

Injinia alicheka mpaka penseli ikaanguka. "Dada yangu, nikufundishe halafu uchukue wateja wangu?"

Mama Sponji alikuwa ameinama kwenye kochi lililokuwa tayari kwa mwenyewe, akipitisha kidole kwenye mshono wa kona. Ulikuwa umejikunja kama kitambaa kilichoogopa. "Hii anakushonea nani?"

"Fundi nguo wa pale ng'ambo." Injinia aliacha kucheka.

"Na cherehani ndogo ya magauni?"

"Nitafanyaje?"

"Sindano zinamkatikia."

"Kila siku. Ngozi ndiyo kabisa hataki kuisikia. Kazi za ngozi nazirudisha, na huko ndiko kwenye fedha." Aliinama akaokota penseli. "Ndiyo maana niliitaka ile yako."

"Ungeipata, angeitumia nani? Wewe?"

"Ningetafuta mtu."

"Mtu ndiye huyu," Mama Sponji akasema. "Niletee vitambaa, na ngozi zako niletee. Nusu nilipe kwa fedha, nusu nilipe kwa kunifundisha. Na wateja wako siwataki, wako mbali na kwangu."

Injinia alizunguka lile kochi mara mbili. Alikuwa mtu wa hesabu na hesabu hii ilikataa kumpa hasara. "Una maneno kama marehemu," akasema mwishowe.

"Marehemu alikuwa na ya kwake. Haya ni yangu."

Alijifunza kwa maumivu. Injinia alikuwa mwalimu asiyesifu, alipita, akaupiga mkanda kwa vidole kama ngoma, akasema, "Haulii. Fungua." Anafungua. "Sasa umelia, lakini huyu jirani yake amelala. Fungua wote." Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Huku nyuma vitambaa vya Injinia vilianza kufika karakana vikiwa vimekunjwa kwenye mafurushi, halafu ngozi, na mlio wa ile mashine nyeusi ukawa unasikika kutwa. Jumatano iliyofuata alipeleka rejesho nusu. Iliyofuata alipeleka zima, pamoja na lile walilomchangia. Msusi alipokea sehemu yake, akasema, "Kumbe." Kwa msusi hiyo ilikuwa hotuba.

Mkopo wa kwanza uliisha. Aliomba wa pili, na huu alijua pa kuupeleka. Siku zote sponji walikuwa wakiinunua vipande vipande kwa mchuuzi, na faida yao ilibaki kwa mchuuzi. Sasa alinunua matofali mazima ya sponji kiwandani, akayakata mwenyewe kwa kisu kirefu, na kwa mara ya kwanza akauza makochi ambayo hakuna mtu aliyeyaagiza, ameyatengeneza tu akayapanga nje, yakisubiri. Wateja waliacha kuuliza fundi yuko wapi. Hakuwa tajiri. Ada ya binti mkubwa bado aliilipa kwa awamu, na mwezi mmoja kazi zilikauka mpaka akauza kochi kwa bei ya gharama. Lakini alilala bila kusikiliza hatua za mtu anayekuja kuchukua kitu.

Kutoka kwa shemeji alisikia kwamba fedha za cherehani mama mkwe alizigawa. Fungu moja alikuwa amempa huyo huyo shemeji alipe madeni yake, na kwa lililobaki akaenda kutolewa ukungu wa macho hospitalini. Mama Sponji alifurahi kwa ajili ya macho, na kuhusu fungu la shemeji akauma mdomo.

Asubuhi moja bibi alikuja karakana peke yake, bila kushikwa mkono, amevaa miwani myeusi. Alikagua kila kitu kama mnunuzi. Aliinama, akaokota kipande cha sponji sakafuni, akakiminya.

"Hivi huwa unavitupa?"

"Watoto wanakuja kuchukua, wanachezea."

"Dukani nimeona mto wa kulalia. Nimeuminya. Ndani ni takataka kama hizi, umeshonwa vibaya, na bei yake inatisha." Alivua miwani. Macho yake yalikuwa yakitoa machozi kidogo kwa mwanga, lakini sasa yalimtazama mkwe wake usoni, si pembeni. "Mikono yangu bado ina nguvu, naweza kujaza na kufunga. Haya mabaki, utanipa au utaniuzia?"

Mama Sponji alishika mkasi bila kukata. Kumpa kungekuwa rahisi, na majirani wangemsifu. Ila alikumbuka kile kiwanja. Kilitolewa kwa mapenzi, bila bei wala tarehe, na kwa sababu hiyo hakuna aliyejua kimelipwa lini au kimebaki kiasi gani. Kilikaa baina yao miaka yote, kila mtu akikizunguka kimyakimya, mpaka siku kiliporudi kuchukua cherehani.

"Nitakuuzia, Mama," akasema. "Bei ndogo sana. Lakini nitakuuzia."

Bibi alimkodolea macho. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, akacheka mpaka akashika meza. "Sawa. Tena afadhali. Nitajua tumeishia wapi."

Alihitaji mtaji wa kitambaa. Jumatano akaja uani akiwa amejifunga vizuri, akaketi mbele.

"Bibi, una umri gani?" afisa wa mikopo akauliza.

"Wa kukopa."

Ua ukaangua kicheko, na afisa akainamisha kichwa kuficha cha kwake. Mwenyekiti akauliza nani atamdhamini. Kicheko kikakatika. Wote walikuwa wakiijua habari, na msusi alimgeukia Mama Sponji waziwazi, bila kuficha kwamba anamtazama.

Mama Sponji hakunyoosha mkono. "Mama, nina swali, usinichukie. Mkopo huu ni wako, au ni wa shemeji?"

Midomo ya bibi ilikazana. Lilikuwa swali la kuulizwa chumbani, si mbele za watu, na kwa muda ilionekana kama angenyanyuka aondoke zake.

"Ni wangu," akasema.

"Akija kukuomba?"

"Atanikuta na mito. Fedha hazipo. Achukue mto akalale."

Hapo msusi ndiye aliyecheka wa kwanza. Mama Sponji alinyoosha mkono, na wengine wakafuata.

Walirudi pamoja, polepole, kwa sababu bibi alitaka kusoma kila kibao cha duka walilolipita. Karibu na kona alisimama.

"Nikuulize. Mwanangu alijua kushona?"

"Hapana, Mama. Hata kifungo hakuweza."

"Mimi nilikuwa nikiwaambia watu mwanangu anashona."

"Alikuwa fundi wa fremu. Kwa fremu hakuwa na mpinzani."

Bibi aliitikia kwa kichwa taratibu, akilipokea hilo. Walitembea tena. Mbele ya duka la vitambaa alisimama kwa muda mrefu zaidi, pua karibu na kioo.

"Ile ya maua mekundu," akasema.

"Itachuja, Mama. Ukiifua mara moja tu inakuwa ya pinki. Chukua ya mistari."

"Ya mistari ni ya hospitali. Mimi nimetoka huko juzi."

Wakaingia ndani, kila mmoja akiwa bado anabisha.